Diski za breki za nyuma: kuchonga au kununua mpya?

Kwa bei, kuchonga (kusawazisha uso wa diski kwa mashine) kunashinda, ila tu kama chuma kinatosha. Soma unene wa mwisho unaoruhusiwa, uliogongwa kwenye diski yenyewe, kwa mfano MIN TH 8 mm, kisha pima sehemu kadhaa kuzunguka. Diski ya 8.6 ikipunguzwa 0.3 kila upande inabaki 8.0, yaani imekwisha, usijidanganye.

Mpya ni nene, hivyo inavumilia joto zaidi. Anayeshuka na magunia kuelekea ziwani Kigoma ataiona tofauti. Tambarare ya Tabora mjini haidai hivyo. Lakini ukiifunga diski mpya juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu itayumba na pedali itatetemeka, halafu utamlaumu muuza spea bure. Sugua habu kwa brashi ya waya, futa mafuta ya kiwandani kwenye diski, badilisha diski za magurudumu yote mawili ya nyuma.

Kwa vyovyote weka pedi mpya. Handibreki ikiwa ndani ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), pistoni yake mara nyingi hurudishwa kwa kuzungushwa; ukiilazimisha kwa kuisukuma moja kwa moja unaiua.

Unene upo na mashine ya kuchonga iko karibu? Chonga. Kuna nyufa? Nunua.