Tuisheni ya themodinamiki Ngara: sehemu ya kwanza lipa, ya pili fikiria kwanza

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, uhandisi wa kemikali. Muhula uliopita nilijiunga na darasa la jioni la themodinamiki, yaani sayansi ya joto na kazi, pale Ngara, Nairobi, orofani. Kituo sikitaji kwa sababu nina malalamiko nacho. Ada ni shilingi 4,500 kwa kila sehemu, sehemu ni mbili, na unatuma kwa M-Pesa kabla hujakalia kiti.

Kwanza sifa zao. Mwalimu hakubali fomula yoyote ubaoni kabla hujachora mpaka wa mfumo, yaani kile kitu unachokichunguza. Ukikurupuka na hesabu anakuuliza: ndani ya mstari kuna nini, na ni kitu gani kinavuka? Chuoni tulikuwa tumekariri ΔU = Q − W (ΔU ni badiliko la nishati iliyomo ndani, Q joto linaloingia, W kazi) katika somo moja na ΔU = Q + W katika somo la kemia, tukiamini mhadhiri mmoja amepotoka. Kumbe wote wako sawa. Wa kwanza anahesabu kazi ambayo mfumo unafanya, wa pili kazi ambayo mfumo unafanyiwa. Mhandisi anayeitazama injini anataka kujua inampa nini, basi kazi inayotoka ndiyo anayoipa alama ya kujumlisha. Chagua moja, iandike juu ya karatasi, usiichanganye na nyenzake.

Jioni iliyonifanya nione pesa zangu hazikupotea ni ile ya birika la umeme. Aliliweka juu ya mizani ya jikoni, wati 1,500, lita moja ya maji ya nyuzi 20. Tukapiga hesabu: 4.18 (kilojuli za kupasha kilo moja ya maji nyuzi moja) mara 74 ni kilojuli 309 hivi, yaani sekunde 206 kama joto lote litaingia majini. Birika likachukua karibu dakika nne, tukaanza kubishana zile sekunde za ziada zimeliwa na nini: chuma cha birika, hewa ya chumba, au mvuke uliotoroka mapema.

Kwa nini 74 na si 80? Kwa sababu kipimajoto kiligoma kwenye 94. Jamaa wa nyuma akasema kimeharibika. Mwalimu akamrushia majedwali ya mvuke. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 83 badala ya 101 za Mombasa. Tafuta 83 kwenye jedwali uone maji yanachemkia wapi. Ndiyo maana maharagwe ya huku yanamaliza makaa.

Kisha akaacha kifuniko wazi ili birika lisijizime. Halijoto haikupanda tena hata kidogo, ila namba za mizani zikawa zinashuka. Kugeuza kilo moja ya maji hayo kuwa mvuke kunataka kilojuli 2,270, zaidi ya mara saba ya zile za kuyachemsha, kwa hiyo wati 1,500 zinafukuza gramu 40 kila dakika. Mizani ilionyesha pungufu kidogo. Joto fiche nilikuwa nimelisoma tangu sekondari. Kuliona likipimwa kwa gramu ni jambo jingine.

Kanuni ya Carnot, ya kikomo cha ufanisi wa mtambo wa joto, pia mwalimu aliifundisha vizuri, kwa mvuke wa ardhini kama ule wa kuzalisha umeme Olkaria. Chukua mvuke wa nyuzi 150, joto litupwe kwenye nyuzi 40: ufanisi wa juu kabisa ni asilimia 26, na mtambo halisi haufiki hapo. Waliosahau kugeuza nyuzi kuwa kelvini (jumlisha 273) walipata 73. Akawaambia wakajenge huo mtambo, wataajiri nchi nzima.

Sasa sehemu ya pili. Hapa ningekushauri ukae na pesa zako. Entropia ilipewa neno "vurugu" na ikapita, bila hesabu hata moja ya dS = dQ/T (badiliko la entropia ni joto linaloingia polepole bila hasara, gawa kwa halijoto ya kelvini). Usawazo wa fezi (kimiminika na mvuke vikikaa pamoja) na fugasiti (shinikizo lililorekebishwa kwa gesi halisi) vilisomwa kutoka kwenye skrini, na nafasi ya mwalimu yule ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine ambaye hapendi maswali. Niliuliza kwa nini mtungi wa gesi hupata baridi na umande ukitumiwa kwa moto mkali, nikaambiwa halimo kwenye silabasi. Limo! Gesi iliyomo ni kimiminika, kikichemka kwa kasi kinanyonya joto fiche kutoka kwenye mtungi wenyewe. Nilipoomba kurudishiwa sehemu ya ada nikaonyeshwa risiti: hairudishwi.

Darasa hujaa, ukichelewa kwa foleni ya matatu unasimama. Beba kalkuleta na majedwali yako yaliyochapishwa, maana fotokopi zao za mvuke uliopashwa kupita kiwango cha kuchemka hazisomeki, na simu haziruhusiwi.