Pati ya kopo kwenye fenda ya Corolla yangu: uzoefu wangu wa miezi minane

Aprili mwaka jana, karibu na soko la Tororo, hapa Uganda, bodaboda iliyobeba magunia ya mkaa ilinigonga fenda ya mbele kushoto. Ilibonyea kiasi cha kiganja kuingia, rangi ikabanduka katikati, bati likabaki wazi. Fundi wa bodi alitaka shilingi 250,000. Sikuwa nazo, nikaamua kuinyoosha mwenyewe uani kwa pati, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bodi unaoganda ukawa mgumu. Nilinunua kopo la kilo moja kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kwa shilingi 35,000 pamoja na hadina yake, dawa nyekundu ya kukamua inayoigandisha.

Pati yenyewe ni nzuri, nitainunua tena. Lakini mara ya kwanza kazi iliharibika kabisa, na kopo halikuwa na kosa.

Nililijaza lile bonde lote kwa pati bila kugusa nyundo. Kisha nikapiga msasa kwa maji, kwa sababu nilishaona mafundi wakifanya hivyo kwenye rangi. Nikapuliza praima, ile rangi ya msingi, nikapuliza rangi yenyewe, ikapendeza. Ilikuwa masika, mvua kila jioni. Mwisho wa Mei rangi ikaota malengelenge madogo kama ya joto kwenye ngozi ya mtoto. Nikatoboa moja kwa ukucha, likatoka tone la maji ya rangi ya kutu.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyepiga bodi miaka mingi, aliinama akatazama, akasema, "Mwanangu, pati si bati." Akanieleza kwamba pati hunywa maji. Ukiisugua kwa maji kabla ya praima, unyevu unabaki ndani, na chini yake bati linaanza kula kutu huku juu kunang'aa. Tena ikiwa nene mno hupasuka kwa mtikisiko wa barabara, na barabara zetu za murramu mnazijua.

Julai, mvua zilipopungua, nikaanza upya. Nilibandua yote hadi bati jeupe, nikakwangua kutu yote. Nikafungua plastiki iliyo ndani ya tairi, mkono ukafika nyuma ya fenda. Kule ndani nikaweka kipande cha mbao, nikagonga taratibu kwa nyundo ya mpira nikianzia pembezoni kuelekea katikati. Saa nzima. Bati liliporudi karibu na mahali pake, pati iliyohitajika haikuzidi unene wa milimita mbili tatu.

Kuchanganya ndiko kunakotaka umakini. Hadina ni kama gramu 2 kwa gramu 100 za pati. Koroga mpaka upate rangi moja, bila mistari myekundu. Ukizidisha hadina, rangi ya juu inaweza kutoka madoa baadaye. Mchana wa jua kali yangu iliganda kabla sijamaliza kupaka, nikatupa donge zima. Kesho yake nilianza saa moja asubuhi, nikapata muda wa kutosha. Changanya kidogo kidogo, donge kama yai la kuku.

Msasa ulikuwa mkavu mwanzo hadi mwisho: namba 80, halafu 180, halafu 320, umeviringishwa kwenye kipande cha mbao bapa. Vidole vitupu huchimba mabonde. Funga kitambaa puani, hilo vumbi ni jembamba sana. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo nililolipenda kuliko yote: macho hudanganya, kiganja hakidanganyi. Weka kitambaa laini chini ya kiganja, fumba macho, telezesha mkono kutoka rangi ya zamani kupita juu ya pati. Nilihisi kilima ambacho nilikuwa nimekitazama siku mbili bila kukiona.

Rangi haikunisumbua. Corolla yangu ni nyeupe, namba ya rangi 040, imeandikwa kwenye kibati cha gari pale penye herufi C/TR, na nyeupe isiyo na chenga za kumetameta huoana kirahisi. Nilimwagia ua maji kwanza ili vumbi jekundu litulie. Nilitumia rangi ya kopo ya kawaida. Ile ya kuchanganya na hadina yake nawaachia wenye vifaa, mvuke wake ni hatari kwa mapafu na kitambaa cha puani hakitoshi.

Sasa ni Machi. Masika yameanza tena, fenda haina lengelenge hata moja. Ukisimama pembeni jua likizama, unaona wimbi dogo juu ya taa, pale nilipochoka kusugua. Petroli ikidondoka kwenye rangi ya kopo huilainisha, kwa hiyo naifuta haraka.

Kwa fenda au mlango uliobonyea, nunua. Kwa bampa ya plastiki hapana, kuna pati yake inayopinda. Na kama kizingiti cha mlango kimeliwa na kutu hadi kutoboka, usikizibe kwa pati, mpelekee fundi wa kuchomelea akate, aweke bati jipya. Kopo langu bado lina robo, nimelifunika vizuri na kuliweka kivulini, linasubiri mlango wa nyuma.