CODA: filamu ya kutazamwa, ila isioneshwe kwa mtindo wa kibanda umiza

CODA, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya mtoto wa wazazi viziwi, naipa nyota 4 kati ya 5. Ile iliyopungua haihusu uigizaji wala picha, na nitaieleza. Nawaandikia hasa watu wa Iringa, Mafinga, Njombe na Mbeya wanaotafuta filamu ya kuonesha kanisani, shuleni au kwenye kikundi cha familia zenye viziwi, kwa sababu hii inaharibika kirahisi sana ikioneshwa ovyo.

Kisa chenyewe si kirefu. Ruby Rossi ana miaka 17, anaishi Gloucester, mji wa wavuvi katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake Frank, mama yake Jackie na kaka yake Leo ni viziwi. Yeye peke yake anasikia. Kwa hiyo kabla ya kwenda shule yuko baharini akisikiliza redio ya boti, akirudi gatini anabishana bei ya samaki, na baba akiumwa ndiye anayekaa katikati ya mgonjwa na daktari. Mwalimu wa muziki anagundua sauti yake na kumsukuma aombe chuo Boston. Hapo linakuja swali ambalo kila mtoto anayetegemewa na wazazi analijua: nikiondoka, nani atabaki nao?

Sian Heder ndiye aliyeiandika na kuiongoza, akiitengeneza upya kutoka filamu ya Kifaransa ya mwaka 2014, *La Famille Bélier*. Kule familia ni wafugaji na wauza jibini, jambo ambalo mtu wa Njombe mwenye ng'ombe wa maziwa angelielewa haraka kuliko boti. Lakini kule wazazi viziwi waliigizwa na watu wanaosikia. Hapa Marlee Matlin, Troy Kotsur na Daniel Durant ni viziwi kweli, na tofauti unaiona kwenye mikono na uso: mtu aliyejifunza alama kwa ajili ya filamu huziweka moja moja, aliyekulia ndani yake huzifyatua huku anakula, anagombana, anachokoa meno. Emilia Jones, anayeigiza Ruby, anasikia, ila alijifunza lugha ya alama ya Kimarekani kwa miezi tisa na hababaishi. Machi 2022 filamu ilichukua Oscar tatu, ikiwemo ya filamu bora, na Kotsur akawa mwanamume kiziwi wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji. Alistahili. Anachekesha bila kujitahidi.

Ninachoipenda zaidi ni kwamba inaonesha ukalimani wa mtoto kama kazi, tena kazi ngumu. Wakalimani wa kulipwa hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu kichwa kinachoka na makosa yanaanza. Ruby hana wa kumpokea. Tazama pale waandishi wa televisheni wanapokuja nyumbani: ana kipindi cha kuimba, mama anamzuia atafsiri kwanza, na hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Tazama pia kikao cha wavuvi, baba anaposimama kuwapinga wanaowapangia bei. Ruby inabidi apaze sauti ya baba mwenye hasira, matusi na yote, mbele ya watu wazima. Mtoto wa mkulima wa viazi kule Uporoto anayemsemea baba yake kiziwi mbele ya dalali, lumbesa imeshonwa na lori linanguruma, angeitambua sura ile.

Na Leo. Wengi wanamsahau, lakini kwangu ndiye uti wa mgongo wa filamu. Ni mkubwa kwa Ruby, ana nguvu, anaijua kazi, na kinachomuumiza ni kwamba kila kitu hupitia kwa mdogo wake. Ndiye anayemwambia waziwazi kuwa familia ilikuwepo na iliishi kabla yeye hajazaliwa.

Sasa nyota iliyopotea. Kwa daktari, Ruby anatafsiri ugonjwa wa fangasi wa sehemu za siri za wazazi wake, pamoja na agizo la kujizuia na tendo la ndoa kwa wiki mbili. Watu wanacheka, na tukio limeandikwa lichekeshe. Lakini filamu inapita pale kana kwamba hakuna mwingine mwenye wajibu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inazitaka hospitali zihakikishe mawasiliano na mgonjwa kiziwi, kwa kawaida kwa mkalimani, na daktari hakupaswa kumtegemea binti. Baadaye baba na Leo wanakwenda baharini bila Ruby, hawasikii redio wala honi, walinzi wa pwani wanaivamia boti na leseni inasimamishwa mpaka kuwe na mtu anayesikia ndani yake. Pale tena mzigo wote unamrudia msichana. Mtazamaji asiye makini atatoka akiamini viziwi hawajiwezi bila mtoto anayesikia. Aliyewahi kula kwenye mkahawa wa Neema Crafts pale Iringa, akaandika oda kwenye karatasi na kuhudumiwa na kiziwi, haamini hivyo.

Ukiionesha kwa wauguzi au wahudumu wa afya, simamisha hapo kwa daktari na mjadili. Hatari haiishii kwenye aibu. Pakiti ya dawa iliyoandikwa 1 x 3, mtoto wa miaka kumi anaweza kumwambia mama ameze vidonge vitatu kwa mpigo. Jibu baya la kipimo, mtoto hulipunguza makali au hulimeza kabisa. Pasipo na mkalimani, chora jua linachomoza, jua la utosini na mwezi kwenye pakiti, weka alama ya kidonge kimoja chini ya kila mchoro, kisha mgonjwa mwenyewe akuoneshe atakavyomeza. Ukiishia kuuliza kama ameelewa, ataitikia kwa kichwa tu.

Kuhusu kuionesha. Iko Apple TV, huduma ya filamu mtandaoni iliyoitwa Apple TV+ hadi 2025, na ina dakika 111. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde inakula GB 4 na ushee. Ukishusha hadi megabiti 1.5 inakula kama GB 1 na robo, ila usifanye hivyo kwa kuokoa bando: picha ikipoteza ubora, mikono inayokwenda kasi inageuka ukungu, na kwenye filamu hii vidole ndivyo vinavyosema. Ipakue mapema, umeme na mtandao visikuaibishe, na jaribu waya wa HDMI siku moja kabla, kwa kuwa baadhi ya simu hazitoi picha kwa waya hata ufanyeje.

Maandishi ya chini huwa ya aina mbili: yanayotafsiri alama tu, na yale kamili yanayoandika pia maneno ya wanaosikia, muziki na honi. Chagua yale kamili, la sivyo kiziwi ukumbini atabaki nje kila Ruby anapokuwa shuleni.

Mtu wa kutafsiri kwa kuongea juu ya filamu, kama tulivyozoea vibandani, hapa ni balaa. Kwenye tamasha la shule, Ruby akiimba, sauti yote inakatika. Tunakaa ndani ya masikio ya wazazi: wanaangalia nyuso za watu, wanaona mmoja anafuta machozi, wao hawasikii kitu. Ndicho kiini cha filamu, na ndipo mtafsiri huona pengo na kulijaza maneno. Mwambie fundi mitambo pia, maana ataamini spika imekufa na kuanza kuchomoa waya. Kama wasikilizaji hawafuati Kiingereza, msomaji mmoja asome kwa Kiswahili sehemu za mazungumzo tu, anyamaze kabisa kwenye tamasha, na anyamaze tena usiku ule baba anapomwomba Ruby aimbe huku ameweka mikono kooni kwake aihisi sauti.

Viziwi wetu hutumia Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa hiyo alama za Kimarekani hawatazifuata moja kwa moja, na maandishi ya Kiingereza ni kikwazo cha pili. Mkalimani asimame ubavuni mwa skrini, si nyuma ya watu, akiwa na taa yake ndogo inayommulika kifuani na usoni, nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake. Hata hivyo macho ni mawili tu: hayawezi kufuata mikono ya skrini, maandishi na mkalimani kwa wakati mmoja. Simulia kisa kizima kwa dakika kumi kabla ya kuanza, kisha simamisha mara nne njiani. Kwenye filamu ya kawaida kujua mwisho kunaudhi, hapa kunasaidia.

Frank hupenda muziki wa rap ndani ya gari kwa ajili ya mtikisiko wa besi. Ukumbi wenye sakafu ya mbao unakupa hilo bure: laza spika ya besi juu ya mbao. Sakafu ya saruji haipitishi kitu, kwa hiyo wape watu maputo yaliyopulizwa wayashike kwa viganja viwili. Kwa Juni na Julai, hasa Mafinga na Makambako, funga madirisha mapema. Mtu aliyekumbatia blanketi mikono ikiwa kwapani hawezi kuchangia mjadala wa lugha ya alama.

Tahadhari kwa wenye kumbi za kanisa: ina matusi ya alama na ya mdomo, utani mwingi wa chumbani, na sehemu moja wazazi wanafumaniwa mchana kweupe huku rafiki wa Ruby yuko humo humo nyumbani. Marekani waliipa daraja linalowataka wazazi wawe waangalifu kwa walio chini ya miaka 13. Kwa kidato cha kwanza na cha pili ningeikagua kwanza na mwalimu wao. Kidato cha tatu kuendelea sioni shida. Na ukikodi ukumbi, ongeza saa nzima baada ya filamu, taa zote zikiwashwa, kwani mazungumzo ya viziwi hayaendelei gizani na hayaanzi mpaka viti vigeuzwe watu waonane.