Uzoefu wangu: gari la kulala ndani nililokodi Arusha, na aina zake

Wadau naona watu wanauliza motohomu (magari ya kulala ndani) za kukodi hapa Arusha wakidhani zote ni kitu kimoja, jamani zinatofautiana sana. Wamarekani wanazigawa A, B na C ila herufi hazifuati ukubwa, A ndo lile libasi kubwa kabisa, B ni vani ya kawaida imetengenezwa ndani, C iko katikati, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Ulaya wanabanwa na uzito, maana leseni ya kawaida ya gari dogo inaishia kilo 3,500, ndo maana zao nyingi zimejengwa juu ya vani ya Fiat Ducato.

Hizo zote ni za lami. Mimi nilikodi Land Cruiser 78 ya paa linaloinuka, nikaenda na mke wangu na mtoto, na kwa huku kwetu naipa maksi zote. Arusha mpaka geti la Lodoare, lile la kuingilia Ngorongoro, ni lami, hapo hata Noah inafika, shughuli inaanza ukishavuka geti, na kipande cha Naabi kwenda Seronera kule Serengeti ndo balaa, barabara imejikunja kama bati gari linatetemeka mwanzo mwisho, sasa fikiria makabati ya mbao na sinki na choo cha kwenye ile C, skrubu zitabaki kweli? Na vumbi je. 78 imejengwa kwa kazi hiyo, injini yake 1HZ ya lita 4.2 haina turbo wala mambo mengi, na mafundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha wanaijua nje ndani.

Kuna wanaosema chukua tu Hilux yenye hema juu, ni bei rahisi. Kama mko wawili vijana sawa, ila ukiwa na mtoto anayeamka usiku kutaka haja, ngazi ile gizani kwenye kempu isiyo na uzio mi siitaki kabisa. Kwenye 78 unapanda kitandani ukiwa ndani kwa ndani, milango imefungwa, na asubuhi unashusha paa chap mnawahi wanyama. Baridi lakini ipo, kempu ya Simba pale kingo ya kreta ni kama mita 2,300 juu na lile paa pembeni ni turubai tu, bebeni mablanketi ya maana.

Kabla hujalipa uliza betri ya pili ipo? maana ukitegemea moja friji inaimaliza usiku na asubuhi gari haliwaki. Na friji yenyewe iwe ya kompresa, ile ya gesi inataka gari lisimame sehemu tambarare kabisa ndo igandishe vizuri, na porini sehemu hiyo unaitafuta mpaka giza linaingia.