Katuni za siasa za enzi za akina George: ununue ipi, na kwa bei ipi

Gillray wangu wa kwanza, yaani katuni ya James Gillray, mchoraji wa London wa enzi za wafalme wa Uingereza walioitwa George, nilimnunua akiwa tayari ndani ya fremu, na kwenye risiti muuzaji aliandika "1805". Ilikuwa ile katuni maarufu ya pudingi: William Pitt, waziri mkuu wa Uingereza, na Napoleon wameketi mezani, pudingi yenyewe ni dunia, Pitt anajimegea bahari na Napoleon anajikatia Ulaya. Nikalipa bei ya 1805. Baada ya miezi kadhaa fremu ikalegea, nikaifungua ili niibandike upya. Nyuma ya karatasi nikakuta picha nyingine kabisa, mkono ule ule wa Gillray.

Anayezijua picha hizi anacheka hapo hapo. James Gillray alikufa mwaka 1815. Mabamba yake ya shaba, alimochonga picha ili zitiwe wino na kuchapwa, yakapita mikononi mwa watu, mwisho yakamfikia mchapishaji Henry Bohn, aliyeyatia wino tena na kufikia 1851 alikuwa ameyatoa kama jalada kubwa: karatasi nene, bila rangi, picha mbele na nyuma. Bamba ni lile lile, na mstari wa chini bado unasema 26 Februari 1805. Kwa hiyo tarehe niliyouziwa ilikuwa ya kweli. Ilikuwa tu ya shaba, na mimi nilikuwa nimenunua karatasi.

Tofauti hiyo ndiyo inayopanga bei ya soko hili lote. Tarehe chini ya picha iliwekwa kwa sababu ya sheria. Mwaka 1735 Bunge la Uingereza, baada ya mchoraji William Hogarth na wenzake kulalamika kuhusu wezi wa picha, lilipitisha sheria iliyompa mwenye bamba haki ya miaka 14, mradi jina lake na siku ya kutoa picha viandikwe kwenye bamba lenyewe. Bamba likichapwa miaka hamsini baadaye, maandishi yanatoka vile vile. Ukiyasoma hayo tu, hujajua umenunua nini.

Mpangilio ufuatao ni wa mtu anayeanza, mwenye mfuko wa kawaida, anayetaka picha moja au mbili za ukutani na siyo akiba ya uzeeni.

1. Chapa ya Bohn, kwa bei ya Bohn

Ndiyo, ile ile iliyoniliza. Kosa lilikuwa kwenye bei, picha haikuwa na kosa. Shaba ile aliichora Gillray kwa mkono wake, na wino umepita kwenye mifereji ile ile. Mistari ya Bohn mara nyingi bado imekaza, kwa kuwa aliichapa kwa uangalifu. Unachokosa ni rangi, na rangi ni jambo kubwa, maana katuni nyingi za London ziliuzwa zikiwa zimepakwa rangi ya maji kwa mkono. Unachopata ni Gillray halisi kwa pesa ambayo kwa picha zisizo na jina kubwa huwa makumi ya pauni tu.

Sharti ni kwamba muuzaji aseme wazi ni ya Bohn. Na kaa mbali na Bohn iliyopakwa rangi: rangi hiyo iliongezwa na mtu mwingine baadaye, pengine ili imvute mtu kama mimi wa zamani zile.

2. Chapa za enzi yake, za majina ya pili

Gillray aliishi juu ya duka la picha la mchapishaji wake, Hannah Humphrey, 27 St James's Street, na ndiye aliyevuta umati dirishani. Lakini London ilikuwa na maduka mengine. S. W. Fores wa Piccadilly aliuza kazi za Isaac Cruikshank na wengineo. Tena alikodisha majalada ya katuni kwa jioni moja, kama sisi tulivyokuwa tukikodi kanda za video. Thomas Tegg wa Cheapside alikuwa muuzaji wa watu wa kawaida: "shilingi moja, yenye rangi", ndivyo picha zake nyingi zinavyosema (shilingi ile ndiyo babu wa shilingi yetu). Thomas Rowlandson alimfanyia kazi nyingi sana.

Hapa ndipo unapopata kitu kamili: karatasi ya wakati ule, wino wa wakati ule, rangi iliyopakwa wakati ule. Jina tu ndilo halina uzito wa Gillray. Tegg aliponda mabamba yake mpaka yakachoka, kwa hiyo angalia kama mistari ya nywele na vivuli bado inaonekana au imegeuka moshi. Rowlandson aliyekaza, mwenye rangi isiyopauka, ananifurahisha kuliko Gillray aliyefifia, na sijali nani atabisha.

Tahadhari moja kwa wasomaji wangu. Katika marundo haya utakutana na Waafrika waliochorwa kwa kejeli ya kuumiza. Sarah Baartman, mwanamke wa Afrika Kusini, peke yake alifanyiwa katuni kadhaa alipoletwa London mwaka 1810. Utakutana pia na zile zilizotetea, kama ya Isaac Cruikshank ya Aprili 1792 inayomwonyesha Kapteni Kimber, nahodha wa meli ya watumwa, akimtesa msichana mtumwa melini. Zote ni ushahidi wa historia, na aina zote mbili zina bei. Lakini ushahidi wa kuwekwa kabatini na picha ya sebuleni si kitu kimoja. Amua kabla ya kufungua pochi.

3. Picha ndogo za sura

Wanunuzi wengi huzipita, na ni hasara yao. John Kay alikuwa kinyozi wa Edinburgh aliyeacha wembe akaanza kuchora watu wa mji wake, karibu kila mtu aliyepita barabarani mwenye jina. Mwaka 1790 alimchora Adam Smith, mwanauchumi, amesimama na fimbo na shada la maua. Ni miongoni mwa picha chache sana za Smith zilizochorwa akiwa hai. Mabamba ya Kay yalichapwa tena kwenye kitabu mwaka 1837 na 1838, baada ya yeye kufa, na kurasa zilizotoka humo ni rahisi.

Nyingine ninayoitaka bado sijaipata kwa hali nzuri: Ignatius Sancho, iliyochongwa na Francesco Bartolozzi kutoka kwenye mchoro wa Thomas Gainsborough. Sancho alikuwa mwenye duka Mwafrika huko Westminster, na alipiga kura katika uchaguzi wa bunge wa 1774 na wa 1780. Picha ilitoka mbele ya kitabu cha barua zake mwaka 1782. Ndiyo maana ni ndogo, na ndiyo maana ukiiona inauzwa peke yake ujue kuna kitabu mahali kimechanwa. Kuchana vitabu kwa ajili ya sura za watu ulikuwa ugonjwa wa matajiri wa Kiingereza tangu James Granger alipotoa orodha yake ya sura mwaka 1769.

4. HB

John Doyle alijificha nyuma ya herufi HB tangu 1829 hadi 1851 akichora wanasiasa kwenye jiwe la kuchapia badala ya bamba la shaba. Alichora mamia kwa mamia, kwa hiyo chakula cha jioni hotelini kinaweza kukugharimu zaidi ya HB mmoja. Sura zinafanana na wenyewe, adabu ipo, kucheka hakuna. Na George wa Nne alikufa Juni 1830, kwa hiyo nyingi hata si za enzi hii. Nunua ukimpenda mtu aliyechorwa.

5. Mezotinti

Nimeziweka chini kwa sababu ya bei na udhaifu, si kwa uzuri. Bamba la mezotinti hukwaruzwa lote likawa kama sandpepa, kisha mchongaji hulilainisha polepole pale anapotaka mwanga. Kivuli chake ni cheusi kama mahameli. James McArdell na John Raphael Smith waliwatoa hivyo watu waliochorwa na mchoraji wa sura Joshua Reynolds. Lakini sandpepa hiyo huchakaa haraka chini ya mashine, na chapa za mwisho hubaki kijivu kama jivu la mkaa. Ukiona mezotinti ya bei nafuu, tafuta weusi wake kwanza. Mara nyingi haupo.

6. Gillray wa enzi yake, mwenye rangi

Ndicho kitu bora kwenye orodha nzima na ndicho cha mwisho kununua. Zile zinazojulikana, kama pudingi au ile ya Julai 1792 ya Mwana wa Mfalme aliyeshiba akichokonoa meno kwa uma, hufika maelfu ya pauni. Hapo nunua kwa mtaalamu anayekupa maandishi ya dhamana, au usinunue.

Hogarth sijamweka kwenye ngazi yoyote. Mabamba yake yalichapwa, yakachongwa upya, yakachapwa tena. James Heath aliyakarabati kwa toleo la 1822, na mistari unayoiona humo si yote ya Hogarth. Ile ya mwanasiasa John Wilkes ya 1763, mwenye makengeza na wigi lililosimama kama pembe, naipenda mno. Bado sijaamini hata moja niliyoonyeshwa.

Kabla ya kulipa

Omba picha ya upande wa nyuma. Muuzaji akisema fremu haifunguki, basi na pochi isifunguke.

Omba pia karatasi ipigwe picha ikiwa dhidi ya mwanga. Tangu 1794 watengenezaji wengi wa karatasi Uingereza walianza kuweka mwaka kwenye alama ya maji. Katuni ya 1792 kwenye karatasi iliyoandikwa "Whatman 1818" (Whatman ni jina la mtengenezaji wa karatasi) imejishtaki yenyewe. Kinyume chake hakithibitishi kitu, kwa sababu karatasi ya zamani ingeweza kutumika baadaye.

Pitisha kidole pembezoni: bamba la shaba lililobanwa kwenye karatasi mbichi huacha bonde. Wamiliki wa zamani walipenda kukata kingo ili wabandike kwenye albamu, kwa hiyo bonde likikosekana hujapata jibu, ila bei ishuke. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara kumi. Ukiona vidoti vilivyojipanga sawasawa kama vya gazeti, hiyo ni nakala ya kiwandani, weka chini. Mwisho, linganisha na picha za British Museum, zilizo wazi mtandaoni. Katuni nyingi zina namba zake kwenye katalogi yao (pudingi ni 10371), na muuzaji makini huitaja namba hiyo bila kuulizwa.

Kwenye mnada, bei ya nyundo si bei yako. Kuna ada ya mnunuzi juu yake, halafu usafirishaji. Ikisafirishwa Afrika Mashariki, hakikisha hati zinasema 9702, namba ya forodha ya picha za kuchongwa asilia, siyo 4911 ya machapisho ya kawaida. Iletwe bapa kati ya mbao mbili nyembamba, isikunjwe kwenye bomba. Na ukiwa Mombasa au Dar, adui yako ni unyevu kuliko mwizi: karatasi isiguse kioo, ubao wa nyuma usiwe na asidi, na ukuta usiwe ule unaopigwa na jua la jioni, kwa sababu rangi ya maji ya miaka mia mbili hupauka na hairudi.

Ile pudingi yangu bado ninayo. Niliitengenezea fremu yenye vioo pande zote mbili, na kila baada ya miezi kadhaa naigeuza.