Kurusha roketi ndogo, barabara ya Kipushi: nendeni, lakini na sweta

Ukienda na watoto mwezi wa saba, wavike sweta mbili. Uwanja uko wazi kabisa, na baridi ya asubuhi ya Lubumbashi haina adabu. Tuliambiwa saa moja na nusu. Roketi ya kwanza ilipaa karibu saa tatu, na chai hakuna. Hapo nawanyima waandaaji nyota moja.

Lakini kazi wanaijua. Betri za kuwashia walizificha ndani ya makoti, maana baridi huzipunguzia nguvu. Parachuti za plastiki walizikunja dakika ya mwisho na kuzipaka poda ya watoto. Zikikaa zimekunjwa kwenye baridi hukakamaa, hazifunguki, na roketi huanguka kama mshale. Binti yangu alimkumbusha fundi: "Papa, bado poda!" Wakacheka, wakaipaka. Injini ya daraja C, ambayo msukumo wake wote hauzidi nyutoni-sekunde 10, ilipandisha roketi ya bomba la karatasi hadi shingo ikaniuma.

Mzee mmoja alisimulia habari za OTRAG, kampuni ya Wajerumani waliorusha roketi zao hapa Katanga, enzi hizo ikiitwa Shaba, mwaka 1977. Wangempa muda zaidi, badala ya zile hotuba. Kiingilio ni nafuu. Injini ndizo ghali.