Sufuria ya presha ya umeme, lita 6: muulize muuzaji dakika zinaanzia wapi

Kande nyumbani kwangu zilikuwa za Jumamosi tu, sababu mkaa. Mahindi makavu na maharage yanakaa jikoni hata masaa matatu, na kila ukikaa kidogo unaongeza maji au unapepea. Sasa nikiloweka usiku, tunakula kande hata Jumanne.

Ila muuzaji akikwambia "dakika 40 tu", mbane kidogo. Kioo hakianzi kuhesabu mpaka presha ipande, na sufuria ikiwa imejaa, hiyo peke yake ni kama robo saa. Ikimaliza, unauacha mvuke utoke wenyewe. Robo nyingine hiyo. Ukilazimisha kuutoa haraka, maharage yanatema povu mpaka ukutani. Kwa hiyo piga hesabu ya saa moja na kitu. Bado nafuu kubwa, maana muda wote huo naoga, nakunja nguo, sina habari na jiko.

Umeme haili kama majirani wanavyodhani. Ni ya wati 1,000, lakini ikishapata presha inajizima na kuwaka kwa vipindi.

Nisichokipenda ni mpira wa mfuniko. Pika makongoro leo, wali wa kesho utanukia makongoro, uoshe usioshe. Nimenunua wa pili, wa wali peke yake. Tui la nazi natia mwishoni, mfuniko ukiwa wazi, kwani ndani ya presha linakatika.

Ugali? Rudi kwenye sufuria yako na mwiko. Nyota nne.